Uchakavu au Ulikaji: Kusoma Majibu ya Oili ya Pikapu Kuukuu

Katika gereji za kwetu, oili inayomwagwa wakati wa servisi huitwa oili chafu. Hukusanywa kwenye pipa, na wenye mbao huja kuichukua wakapake dhidi ya mchwa. Lakini kabla haijafika kwenye pipa, sehemu ndogo ya oili hiyo, isiyozidi kikombe cha kahawa, inaweza kupelekwa maabara, na siku chache baadaye mwenye gari akapokea karatasi yenye safu za namba. Kazi hiyo tuiite upimaji wa oili iliyotumika. Neno “chafu” tuliache hukohuko kwenye pipa, kwa sababu oili ya injini ya dizeli huwa nyeusi mapema mno, na weusi huo ni masizi tu yaliyoshikwa na viambato vya kusafishia. Oili nyeusi ti inaweza kuwa bado nzima, na ile inayong’aa ikawa imebeba vumbi linalomaliza ringi.

Upimaji huu ulianzia kwenye reli. Katika miaka ya 1940 huko Marekani, kampuni ya reli ya Denver and Rio Grande Western ilianza kuchunguza metali zilizomo kwenye oili ya vichwa vya treni vya dizeli ili kujua injini ipi inakaribia kuharibika. Katika miaka ya 1950 jeshi la wanamaji la nchi hiyo likauchukua kwa ajili ya ndege zake. Leo ni jambo la kawaida kwenye mitambo ya migodini, na hakuna kinachomzuia mwenye Hilux kuukuu kuutumia.

Istilahi inayobeba uzito wote wa karatasi hiyo ni jina la kundi la kwanza la namba: chuma, shaba, risasi, bati, alumini na kromi. Ni metali zilizotoka kwenye vipuri vya injini yenyewe. Mfasiri wa haraka ataziita “metali za uchakavu”. Mimi napendekeza “metali za ulikaji”, na sababu yangu si ya urembo wa lugha. Uchakavu ni hali: kitu kimekwisha kuchakaa. Wahasibu nao wamelizoea neno hilo kwa thamani inayopungua kila mwaka, hata kama mali imekaa tu ghalani. Fundi akifungua injini hasemi beringi imechakaa. Atakwambia, “Bosi, hizi beringi zimelika.” Kulika ni tendo, lina mlaji na lina kasi. Na karatasi ya maabara haisemi injini imechakaa kiasi gani. Inasema ililika kiasi gani tangu oili ile ilipomiminwa. Anayeisoma kama kipimo cha uchakavu ataiona pikapu ya miaka ishirini kuwa maiti, kumbe inalika taratibu kuliko gari jipya linalovuta vumbi.

Mtu anaweza kupinga kwa kusema kwamba ulikaji ni kazi ya kutu na asidi, si ya msuguano. Ni kweli, na ndiyo maana neno hili linafaa zaidi. Namba ya chuma haibagui: ndani yake mna chuma kilichosagwa na msuguano, kilicholiwa na asidi na kilichotokana na kutu ya gari lililoegeshwa miezi kadhaa bila kuwashwa. Spektromita ya maabara huichoma oili kwa joto kali mno, kila elementi ikatoa mwanga wa rangi yake, na mashine ikapima ukali wa mwanga huo. Haiulizi nani aliyekula.

Kipimo kinachotumika ni “sehemu kwa milioni”, yaani miligramu moja katika kilo moja ya oili. Tuseme injini inachukua lita 6. Oili hiyo ina uzito wa kilo 5.2 hivi. Karatasi ikisema chuma 60, maana yake ni kwamba oili yote ya injini imebeba gramu 0.3 ya chuma, chini ya theluthi moja ya gramu. Namba inayomshtua mwenye gari ni unga usiojaza ncha ya kijiko.

Sasa tuchukue mfano wa kubuni: Hilux yenye injini ya 5L, dizeli ya silinda nne, cc 2,986, isiyo na tabo. Servisi ya kwanza, oili imetembea kilomita 4,000, chuma ni 48. Ya pili, kilomita 7,500, chuma 75. Anayetazama namba tupu ataona mambo yameharibika. Gawanya kwa kila kilomita 1,000: ya kwanza ni 12, ya pili ni 10. Injini imelika polepole zaidi, ila oili imekaa muda mrefu zaidi. Servisi ya tatu, kilomita 5,000, chuma 90. Hapo ni 18, na hapo ndipo pa kusimama.

Ukishasimama, usiitazame namba moja peke yake. Katika karatasi hiyo ya tatu, silikoni imepanda kutoka 12 hadi 34, alumini kutoka 5 hadi 13, kromi kutoka 2 hadi 6. Silikoni na alumini zikipanda pamoja, aghalabu huwa ni vumbi, maana udongo umejaa elementi hizo mbili. Chuma na kromi zinasema vumbi hilo limekula nini: kuta za silinda na ringi. Dawa yake haianzii ndani ya injini. Inaanzia kwenye filta ya hewa, mpira wa mfuniko wake na hosi inayoelekea kwenye injini, ambayo kwenye gari la umri huo huwa imepasuka mahali pasipoonekana mpaka uikunje.

Silikoni ikipanda peke yake, chuma na kromi zikiwa zimetulia, uliza kama injini ilifunguliwa hivi karibuni. Gundi ya gasketi, ile ambayo mafundi nao huiita silikoni, hutoa silikoni yake kwenye oili baada ya matengenezo. Spektromita haitofautishi gundi na mchanga. Anayetofautisha ni msomaji mwenye kumbukumbu za servisi.

Risasi na bati huelekeza kwenye beringi za krenki, shaba kwenye beringi hizo au bushi. Risasi ikipanda, tazama pia “akiba ya alkali”, istilahi nyingine inayohitaji kueleweka. Ni kiasi cha uwezo uliobaki kwenye oili wa kuua asidi, ambayo kwa sehemu hutokana na salfa iliyomo kwenye dizeli. Nimechagua “akiba” kwa kuwa hutumika ikapungua, na ikiisha asidi huanza kula risasi ya beringi. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kwamba tangu Januari 2015 salfa kwenye dizeli isizidi sehemu 50 kwa milioni, kwa hiyo akiba hiyo inapaswa kudumu zaidi kuliko zamani, ilimradi dizeli uliyojaza ni ya kiwango hicho.

“Mnato” ni neno ambalo wanasayansi wameshatupatia, ingawa mafundi husema oili nzito na oili nyepesi. Oili iliyoandikwa 15W-40 inatakiwa, kwenye nyuzi 100 za Selsiasi, iwe na mnato kati ya sentistoki 12.5 na 16.3. Ikishuka chini ya hapo, huenda nozeli inavuja na dizeli inaingia kwenye oili. Ikipanda, huenda masizi yamezidi. Hatari iko katikati: dizeli na masizi vikiingia pamoja, kimoja kinalainisha na kingine kinazidisha uzito, mnato ukaonekana sawa kabisa. Ndiyo maana karatasi nzuri hupima vyote vitatu.

Kuna sehemu moja ambayo maelezo ya ughaibuni yanaweza kutupotosha. Huko sodiamu na potasiamu zikipanda, husemwa dawa ya rejeta imepenya gasketi ya silindahedi. Pikapu nyingi za kwetu hujazwa maji ya bomba matupu. Maji hayo yakipenya, sodiamu inaweza kubaki chini, na maji yenyewe yakaondoka kama mvuke oili inapopata moto. Kwa gari la namna hiyo, rejeta inayopungua bila tone chini ni ushahidi wenye nguvu kuliko safu ya sodiamu.

Majibu hayawi bora kuliko sampuli. Kinga oili ikiwa ya moto, acha mkondo wa kwanza upite na uchafu wa kitako cha sampu, kisha ingiza chupa safi na kavu katikati ya mkondo. Andika kilomita za gari, kilomita za oili, na lita zilizoongezwa kati ya servisi. Hili la mwisho wengi huliruka. Injini kuukuu inayokunywa oili, ukiiongezea lita mbili, namba zote za metali hushuka na karatasi ikaonekana nzuri kuliko hali halisi.

Tena spektromita huona chembe ndogo tu, za mikroni chache. Beringi inayobanduka vipande vikubwa inaweza kupita na majibu mazuri. Kwa hiyo ikate filta ya oili, ikunjue karatasi yake juani, na utazame kama kuna kinachometameta.

Pale maabara inapoandika “kawaida” au “tahadhari”, inalinganisha gari lako na wastani wa injini nyingine, zilizopita barabara nyingine. Anza na sampuli tatu za gari lako mwenyewe, na kwenye daftari la servisi ongeza safu moja ambayo karatasi nyingi hazina: ulikaji wa chuma kwa kila kilomita 1,000. Safu hiyo ikitulia, usikubali injini ifunguliwe kwa sababu ya umri tu. Ikipanda mara mbili mfululizo, tafuta mlaji kabla hujanunua ringi.