Mapenzi ya Ujana Katika Riwaya: Kutoka Barua ya Cawrala Hadi Tamthilia za Korea

Utangulizi

Mwalimu mwenzangu unayefunza Garissa, Wajir au Mandera, huenda umewahi kusahihisha kazi ya mwanafunzi ambamo kijana tajiri anampenda msichana maskini, mama wa kijana anapinga, kisha ajali inamfutia mmoja wao kumbukumbu. Msuko huo unafahamika: ni wa tamthilia za Korea. Je, tuandike pembeni, kwa wino mwekundu, kwamba "si wa kwetu"? Makala haya yanashikilia kwamba kabla ya kuhukumu, sharti tuitazame historia.

Safari ya msuko

Tamthilia za mapenzi za Korea Kusini zilipata mashabiki wengi ng'ambo baada ya Winter Sonata (2002). Mojawapo ya zilizopendwa na vijana ni Boys Over Flowers (2009). Hata hivyo, hadithi hiyo haikuzaliwa Korea. Ilianza Japani mwaka 1992 ikiwa hadithi ya michoro ya Yoko Kamio, ikawa tamthilia ya runinga Taiwan mwaka 2001 na Japani mwaka 2005, ndipo Wakorea nao wakaichukua. Basi hata huyo tunayemwita mwenye mali aliazima.

Mizizi ya hapa

Msomaji, usidhani kwamba Wasomali walisubiri runinga ndipo wayaimbe mapenzi. Cilmi Boodhari, mshairi wa Berbera (C ya Kisomali hutamkwa kama ain ya Kiarabu), anakumbukwa hadi leo kwa mashairi aliyomtungia Hodan, na masimulizi yanasema alikufa kwa kumkosa.

Hati rasmi ya Kisomali ilipoidhinishwa mwaka 1972, haikuchukua muda kabla ya riwaya kutokea. Mwaka 1974, Faarax M. J. Cawl alichapisha Aqoondarro waa u nacab jacayl, yaani "Ujinga ni adui wa mapenzi". Cawrala anampenda Calimaax, mpiganaji wa Madarwishi, naye anathubutu kumwandikia barua. Msiba ni kwamba Calimaax hajui kusoma. Siri ya wawili inapita katika kinywa cha mtu wa tatu, na msichana anaozwa mume asiyemtaka.

Tazama jinsi mwandishi alivyojenga kikwazo. Hakukitafuta mbali, alikitoa katika jamii yake, wakati ambapo taifa lilikuwa linajifunza kusoma. Said Ahmed Mohamed alifanya vivyo hivyo katika Utengano (1980): kinachomwandama Maimuna kinaanzia katika nyumba ambamo baba amemfungia.

Funzo kwa mtahiniwa

Mtahiniwa, kuathiriwa si kuiga. Unapohakiki au kutunga riwaya ya mapenzi ya vijana, uliza: kikwazo kinatoka wapi? Katika tamthilia nyingi za Korea kinatoka katika pengo la mali na heshima ya familia. Kwa msichana wa Garissa kinaweza kutoka katika ukoo, mahari, au masomo yanayokatizwa na ndoa ya mapema, ingawa Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inataka kila anayeoa au kuolewa awe ametimiza miaka 18. Ajali ya kupoteza kumbukumbu ikiingia bila sababu, hiyo ni sadfa tupu. Binti akinyang'anywa daftari siku ya posa, hapo pana mgogoro.

Hitimisho

Mwalimu, mwanafunzi anayekuletea hadithi yenye sura ya Korea amekuletea hamu ya kuandika, tena kwa lugha ambayo kwa wengi wa eneo hili si ya kwanza. Ukiikata hamu hiyo, utakuwa umefunga kitabu kabla hakijaandikwa. Mwachie msuko, mdai kikwazo cha kweli.

Maswali ya kutafakari

1. "Barua ni mhusika." Jadili kauli hii kwa kurejelea kisa cha Cawrala na Calimaax.
2. Tofautisha sadfa na mgogoro katika riwaya yoyote ya mapenzi uliyoisoma.