Mabawa ya ndege ya kujiundia: Njia tatu na gharama zake

Anayejiundia ndege ndogo nyumbani hulazimika kuchagua, afikapo kwenye mabawa, kati ya kuokoa fedha na kuokoa muda.

Njia nafuu ni kununua michoro pekee. Pietenpol Air Camper, iliyobuniwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920, huundwa hivyo hadi leo. Mabawa yake ni ya mbao iliyofunikwa kwa kitambaa, na kila ubavu huundwa na mwenyewe.

Njia ya pili ni seti ya kawaida. Kampuni ya Van's Aircraft ya Oregon, Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1973, huuza ndege zake za RV kwa mafungu: mkia, mabawa, kiwiliwili na vifaa vya kumalizia. Mabati ya alumini huja yakiwa yamekatwa na kutobolewa, na mnunuzi huyaunga kwa maelfu ya ribiti.

Ya tatu ni seti ya haraka, ambayo mabawa yake huja yakiwa yameungwa kwa sehemu kubwa. Bei yake ni ya juu zaidi.

Aidha, mnunuzi hana budi kukumbuka gharama za zana, usafirishaji, injini na vyombo vya rubani.

Mwezi Desemba 2023, Van's iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake, na wateja waliokwisha kutoa malipo ya awali wakatakiwa kukubali bei mpya. Kampuni ilitoka katika ulinzi huo mwaka 2024. Kununua fungu moja baada ya jingine hupunguza hasara ya namna hiyo.