Alichora sakafu ya bahari bila kupanda meli

Wasee, shuleni tulisoma Bonde la Ufa hadi tukachoka. Lakini nani alituambia kuna lingine chini ya bahari? Nani alimtaja Marie Tharp?

Mwaka wa 1952, huko New York, Tharp alikuwa akichora sakafu ya Atlantiki kwa kutumia vipimo vya kina vilivyoletwa na meli za utafiti. Yeye hakuruhusiwa kupanda meli hizo, eti kwa sababu ni mwanamke. Katikati ya milima ya baharini akaona ufa mrefu. Mwenzake, Bruce Heezen, akapuuza: hayo ni maneno ya wasichana tu.

Tharp akaendelea kuchora. Baadaye ramani ya mitetemeko ya ardhi ikawekwa juu ya yake, na kumbe mitetemeko imejipanga palepale kwenye ufa! Hata umbo lake lilifanana na Bonde letu la Ufa. Ukawa ushahidi muhimu kwamba mabara husogea.

Meli yenyewe aliipanda 1968.

Kwa hivyo mtu akikwambia unaongea tu, usipoteze nguvu kubishana. Chora ramani yako hadi mwisho.