Mshipi na Ndoano katika Ziwa Masoko

Juni ikiingia, Tukuyu huvaa makoti. Ukungu hushuka kutoka Mlima Rungwe, migomba hushinda imelowa, na kule chini Kyela wavuvi huanza kuusikilizia mwera. Upepo huo hutoka kusini na kulisukuma Ziwa Nyasa, lenye urefu wa karibu kilomita 560, hadi mawimbi yake yanapopasukia ufukwe wa Matema. Mwenye mtumbwi wa gogo moja hashindani nao. Huuvuta mchangani, akakaa kushona nyavu.

Lakini wilaya ya Rungwe ina maji mengine yaliyokaa juu ya vilima, ndani ya mashimo ya volkano: Ngozi, Kyungululu, Ikapu, na Masoko, ambalo wenyeji wengi huliita Kisiba. Masoko liko kusini-mashariki mwa Tukuyu, mwendo wa kilomita kama 15. Ni duara la maji lenye upana wa mita zipatazo 700 na kina kinachozidi mita 35. Kingo za kreta na miti yake hulikinga na upepo, hivyo mtumbwi mdogo huweza kuelea hapo hata siku ambayo Nyasa imechafuka.

Siku kama hiyo haina haraka. Mvuvi hukaa nyuma ya mtumbwi, magoti yamebana kingo, kasia limelazwa mapajani. Chambo ni mnyoo aliyechimbuliwa chini ya mgomba. Mshipi umezungushwa kidoleni, kwa kuwa kidole huhisi mguso ambao jicho halioni. Joto la mwili wa samaki hufuata la maji, na maji yakipoa hula kidogo na kwa uvivu. Anayevuliwa mwishowe huwa mdogo, wa kutosha kiganja. Hicho ni kitoweo cha nyumbani. Huwezi kukiita biashara, wala Mnyakyusa, mwenyeji wa hapa, hajapata kujisifia uvuvi huo kama anavyojisifia ng'ombe na migomba yake.

Wageni waliofika hapa walitafuta vitu vikubwa zaidi. Wajerumani walianza na boma la Langenburg kando ya Ziwa Nyasa mwaka 1893, kisha wakapandisha makao yao Tukuyu na kuyaita Neu Langenburg. Miongoni mwao alikuwepo daktari wa jeshi, Friedrich Fülleborn, ambaye mwishoni mwa karne ya 19 alikusanya samaki wa eneo hili na kuwapeleka Ujerumani. Mwaka 1924 Ernst Ahl, mtaalamu wa samaki wa Berlin, alimpa jina la kisayansi perege wa Kyungululu, ambaye mpaka leo hajulikani kuwa na asili penginepo duniani.

Masoko kwenyewe Wajerumani waliacha jengo la mawe linalolitazama ziwa, na likaja kutumika kama mahakama. Mwishoni mwa Mei 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Edward Northey, yaliyotokea Nyasaland (Malawi ya leo), yaliingia Neu Langenburg. Inasimuliwa kwamba Wajerumani, kabla ya kukimbia, walizamisha ziwani silaha na masanduku ya fedha. Tangu hapo sarafu za Wajerumani za rupia na heller zimekuwa sehemu ya hadithi ya Kisiba. Yamkini jeshi linalokimbia huzamisha bunduki lisizoweza kuzibeba, lakini fedha hubebwa. Hata hivyo hadithi imewashinda wenye mashaka, na kwa miaka mingi mgeni aliyeulizia ziwa hili aliulizia hazina hiyo.

Desemba 2015 jarida la Science lilitoa habari nyingine kabisa. Milan Malinsky na wenzake, akiwemo Benjamin Ngatunga wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI), walichunguza vinasaba vya wale wale samaki wadogo wa mshipi, jamii ya furu, waliotokana na samaki wa mito ya jirani. Walikuta makundi mawili katika shimo moja. Karibu na ukingo madume ni ya manjano. Chini, kuanzia mita 20 hivi ambako mwanga ni hafifu, ni ya buluu iliyokoza. Kwa makadirio yao, makundi hayo yalianza kuachana kati ya miaka 500 na 1,000 iliyopita. Ziwa lina umri wa miaka ipatayo 50,000, kwa hiyo hilo ni jambo la juzi. Hapakuwa na mlima wala mto wa kuwatenganisha. Ilitosha kina na giza.

Ili kuona thamani ya makundi hayo, mtu atazame Naivasha, Kenya. Mwaka 1929 walowezi walipandikiza humo bass, samaki mla samaki kutoka Marekani, wapate mchezo wa kuvua wikiendi. Samaki pekee wa asili wa ziwa hilo, mdogo aliyerekodiwa kwa jina la Aplocheilichthys antinorii, alionekana mara ya mwisho mwaka 1962, na wageni waliopandikizwa ndio wanaolaumiwa. Ziwa Victoria nalo lilipandikizwa sangara katika miaka ya 1950, na mamia ya aina za furu yakapungua au kutoweka. Victoria ni bahari kwa upana wake, na bado haikustahimili. Masoko ni dimbwi tu mbele yake.

Bass hakufika Masoko. Pengine ni kwa sababu ziwa hili lilionekana dogo mno na samaki wake wadogo mno kumvutia tajiri mwenye fimbo ya kuvulia. Uvuvi wa mtu mmoja, mtumbwi mmoja na kidole kimoja haukumtamanisha mtu yeyote kuuboresha.

Tishio la leo halihitaji mlowezi. Vifaranga vya sato, ambaye ni jamii ya perege, husafirishwa katika mifuko ya plastiki kwa pikipiki, na perege wa jamii mbalimbali wakichanganywa huzaliana, hadi yule wa asili asitambulike tena. Mkulima wa Rungwe anayetaka kufuga samaki ana haki hiyo, na mvua za wilaya hii zinamtosha kujaza bwawa. Basi achimbe bwawa lake mbali na kreta, alizungushie kingo imara, na asimwage hata kifaranga kimoja Kyungululu wala Masoko. Ofisi za uvuvi nazo ziende kumweleza hivyo kabla hajanunua vifaranga.