UZI: Seng'enge, Kisima na Hati. Kajiado na Miaka 130 ya Kutafuta Dawa ya Ukame

1/ Kila mvua ikikosa, mjadala wetu wa siasa unagawanyika pande mbili. Huku wanasema teknolojia ndiyo itatuokoa: visima, setilaiti, simu. Kule wanasema turudi kwa mila za wazee. Mimi nasoma sayansi ya siasa, kwetu ni Namanga, na naona pande zote mbili zinaruka historia. Sitataja mwanasiasa wala chama. Twende polepole.

2/ Hoja yangu ni hii: kifaa kilekile kinaweza kumwokoa ng'ombe wako au kumuua. Inategemea makubaliano yanayokuja nacho. Nani anaruhusiwa kupita? Nani anaamua? Mwaka mbaya ukifika, nani anabeba hasara? Wanasiasa hupenda kutuonyesha kifaa. Makubaliano hawayasemi jukwaani.

3/ Tuanzie mbali. Sotoka, ule ugonjwa wa ng'ombe, iliingia Pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880 na kufika Umasaini mwanzoni mwa miaka ya 1890. Homa ya mapafu ya ng'ombe ilikuwa imetangulia, ndui ikafuata kwa watu. Wamaasai wanakiita kipindi hicho Emutai, maangamizi. Watu walizika jamaa zao na mifugo ikaisha mbugani.

4/ Waliopona waliponaje? Wengi walikimbilia kwa majirani: Wakikuyu, Wakamba, Wachaga. Wengine walisimama kwa osotua. Neno hilo asili yake ni kitovu, kile kinachomuunganisha mtoto na mama. Mwenye osotua nawe akipatwa na shida anaomba, na wewe ukiwa nacho unatoa. Hakuna riba, hakuna kuandika deni. Ilikuwa bima, ila haikuwa na ofisi.

5/ Nguzo ya pili ilikuwa kuhama. Mvua ikinyesha, mifugo iko tambarare za Athi na Kaputiei. Kiangazi, inaelekea mtoni, vilima vya Ngong, vinamasi vya Amboseli, miteremko ya Kilimanjaro. Karibu na boma kulikuwa na olopololi, malisho yaliyotengwa kwa ndama na wanyama dhaifu. Lakini msiniambie zamani ilikuwa peponi. Kulikuwa na vita na uporaji, na maskini aliumia kwanza. Ninachosema ni kwamba sheria za kuhama zilikuwepo na zilijulikana.

6/ Halafu ikaja kalamu. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani waligawana eneo hili kwa mstari unaopita hapa Namanga na kuuzunguka Kilimanjaro. Mwaka 1904 Wamaasai waliwekewa mkataba wa kuhamishwa: wengine Laikipia, wengine kusini. Waliahidiwa kwamba hautavunjwa. Mwaka 1911 ukaja mwingine, wa kuwatoa Laikipia pia.

7/ Walienda mahakamani. Mwaka 1913 kesi ilitupwa, ati mikataba ile ilikuwa kama ya dola na dola, kwa hivyo mahakama haina nguvu ya kuisikiliza. Shika hapo. Mtu aliyepoteza Laikipia kwa njia hiyo, wajukuu wake watataka nini? Watataka karatasi. Hiyo njaa ya hati tunayoiona leo Kajiado haikuanza jana, wala si ushamba.

8/ Kisima nacho. Serikali ya kikoloni ilichimba visima na mabwawa katika hifadhi ya Wamaasai ili ng'ombe wasihangaike. Wazo zuri. Lakini pale ambapo hapakuwa na maji, nyasi zilikuwa zinapumzika nusu mwaka. Ukileta maji bila kukubaliana nani ananywesha lini, mifugo inakaa hapo Januari hadi Desemba. Baada ya muda una maji ya kutosha na umezungukwa na vumbi. Ng'ombe anakufa njaa huku akiwa amekunywa akashiba maji.

9/ Ukame wa 1960-61 uliipiga Kajiado vibaya, kisha yakaja mafuriko. Serikali ya uhuru ikatafuta dawa. Mwaka 1968 Bunge likapitisha sheria ya ranchi za vikundi: familia za eneo moja zinasajiliwa pamoja, zinapata hati moja, zinakopeshwa, zinapunguza mifugo. Benki ya Dunia ikatia pesa. Wamaasai wengi walikubali, lakini si kwa sababu ya kupunguza ng'ombe. Walikubali kwa sababu hati ingewazuia watu wa nje kuchukua ardhi.

10/ Shida: mipaka ya ranchi ilichorwa na mvua haiisomi ramani. Inaweza kunyesha Isinya na kuruka Bisil. Mwaka mkavu watu walivuka mipaka vilevile. Ndani ya ranchi nako kamati zililaumiwa kwa kujipendelea, vijana wakakua bila kusajiliwa, na wanawake wengi hawakuwa hata kwenye daftari. Basi ikaja sauti: tugawane, kila mtu na chake.

11/ Ranchi ya Kitengela iligawanywa 1988. Muda mfupi baadaye eneo la viwanda vya kuuza nje likafunguliwa Athi River, wafanyakazi wakahitaji nyumba, na Nairobi ikaanza kumwagika kusini. Ekari iliyokuwa ya nyasi ikawa ploti. Kama umepita Kitengela siku hizi umeona: ghorofa, vituo vya mafuta, foleni. Miaka ya 1980 hapo palikuwa kituo kidogo tu cha barabarani.

12/ Na hapo ndipo seng'enge inaingia. Huu waya wenye miiba ulipata hataza Marekani mwaka 1874, kwa Joseph Glidden wa Illinois. Ni rahisi, hautaki fundi mkubwa, unafunga eneo kubwa kwa bei ndogo. Huko Texas kaskazini wenye mifugo walijenga ua mrefu kuzuia ng'ombe wa wengine. Januari 1886 ikaja dhoruba ya theluji. Ng'ombe walikimbia upepo kuelekea kusini kama kawaida yao, wakafika kwenye waya, wakarundikana hapo na kufa kwa maelfu.

13/ Badilisha theluji uweke jua, hiyo ni Kitengela. Mantiki ya ua ni kali. Usipozungushia, ng'ombe wa jirani watamaliza nyasi zako. Ukizungushia, umelinda nyasi zako na umejifungia. Kila mtu akifanya jambo la busara kwake, wote wanakosa pa kukimbilia. Hakuna mjinga hata mmoja hapo, na bado matokeo ni mabaya. Hili ndilo fumbo la kisiasa ambalo mkutano wa hadhara hauliwezi kwa wimbo.

14/ Ushahidi unaonekana kwa wanyamapori, manake wao hawana hati. Mbuga ya Nairobi ilianzishwa 1946 na upande wake wa kusini umeachwa wazi ili wanyama watoke hadi tambarare za Kitengela wakati wa mvua. Mwishoni mwa miaka ya 1970 nyumbu wa tambarare hizi walihesabiwa zaidi ya 25,000. Kufikia 2011 walikuwa wamebaki elfu chache. Njia ikifungwa kwa nyumbu, imefungwa kwa ng'ombe pia.

15/ Kabla hujaandika hapo chini "nani aliwaambia wauze ardhi?", ngoja kidogo. Mtu ana karo ya watoto watatu, mgonjwa hospitalini, na ukame umemaliza nusu ya kundi lake. Broka yuko mlangoni na pesa taslimu. Wewe ungefanyaje? Kuuza pia ni njia ya kukabili janga. Tatizo ni kwamba unaifanya mara moja tu.

16/ Kuna waliojaribu kujibu swali hilohilo. Mwaka 2000 ulianza mpango wa kukodi ardhi Kitengela: mwenye shamba analipwa dola 4 kwa ekari kwa mwaka, naye anakubali kutoweka ua, kutolima na kutouza. Malipo yalikuja kwa awamu, yakipangwa kuendana na msimu wa karo. Huo ni ujanja mzuri, manake uliangalia ni nini hasa kinachomfanya mtu auze. Ulisaidia. Lakini pesa zilitegemea wafadhili, na bei ya ploti ilikuwa inapanda haraka kuliko dola 4.

17/ Sasa teteo la teknolojia, kwa sababu si haki kuibebesha lawama zote. Ile sotoka ya Emutai haipo tena duniani. Ilitangazwa kutokomezwa mwaka 2011. Chanjo kuu iliyofanya kazi hiyo ilitengenezwa hapa kwetu Muguga, Kiambu, na Walter Plowright na wenzake karibu mwaka 1960. Ila chanjo peke yake haikutosha. Nchi zilikubaliana kuchanja na kuchunguza kwa pamoja, na katika maeneo magumu ya Sudan na Ethiopia wafugaji wenyewe walifunzwa kuchanja. Dawa ilivuka mipaka kama ugonjwa ulivyovuka.

18/ Mfano mwingine: bima ya mifugo inayotumia setilaiti, iliyoanza Marsabit mwaka 2010. Setilaiti inapima ukijani wa malisho, ukishuka chini ya kiwango, unalipwa. Mwanzoni malipo yalilenga kufidia ng'ombe aliyekwisha kufa. Baadaye sheria ikabadilishwa: lipa mapema, mtu anunue chakula na dawa, ng'ombe asife. Macho ya angani ni yaleyale. Kilichobadilika ni sharti moja kwenye karatasi, na hilo sharti lina thamani ya kundi zima.

19/ Angalia pia upepo. Mradi wa Kipeto, Kajiado, megawati 100, ulianza kazi 2021. Wenye ardhi wameikodisha na kubaki nayo, wanalipwa, jamii ina hisa, ng'ombe wanalisha chini ya mitambo, na kuna watu wa kuangalia tumbusi ili mtambo usimamishwe wakikaribia. Kinangop, Nyandarua, mradi wa upepo ulifutwa 2016 baada ya maandamano kuhusu ardhi. Upepo unavuma kote. Makubaliano ndiyo yalitofautiana.

20/ Na mpaka wetu? Mwaka 2017 Tanzania ilipiga mnada ng'ombe zaidi ya 1,300 wa wafugaji wa Kenya waliovuka kutafuta malisho, na vifaranga 6,400 vilivyopitia hapa Namanga vikachomwa. Sababu zilizotolewa ni sheria na hofu ya magonjwa. Sheria ipo, na magonjwa ni ya kweli, sotoka imetufundisha. Lakini ukoo mmoja uko Longido na Kajiado, na ng'ombe wa Longido nao huvuka kuja huku kukikauka kwao. Tuna kituo cha kisasa ambapo lori linakaguliwa na nchi mbili mahali pamoja. Ng'ombe anayekimbia ukame hana dirisha lake.

21/ Kwa nini naandika haya sasa? Kwa sababu seng'enge inashuka na barabara. Kutoka Kitengela hadi hapa ni kilomita zaidi ya 130, na kila mwaka unaona nguzo mpya upande huu. Ranchi ya Olgulului, inayoizunguka karibu Amboseli yote, imekuwa kwenye mgawanyo miaka hii ya karibuni. Kilichoikuta Kitengela 1988 kimefika kwa jirani zetu. Na ukame wa 2020 hadi 2023, misimu mitano ya mvua kukosa, uliua mifugo zaidi ya milioni 2 nchini. Mwingine kama huo utatukuta na waya nyingi kuliko huo.

22/ Je, kugawanya ni kosa? Sidhani inatosha kusema hivyo. Hati inamlinda mjane na kijana dhidi ya kamati mbovu. Lakini kuwa na hati hakukulazimishi kuweka waya. Upande wa Kitenden, kuelekea Kilimanjaro, wenye ploti wamekodisha kwa pamoja na kuacha njia wazi. Sheria ya ardhi ya jamii ya 2016 nayo inaruhusu jamii kujiandikia kanuni zake. Yaani unaweza kuwa na karatasi ya babu aliyenyimwa Laikipia na bado ukabaki na njia ya babu yake.

23/ Kwa hivyo mheshimiwa yeyote akija uwanjani na kisima, soga la setilaiti au mbegu za nyasi, usimpigie makofi kwanza wala usimzomee. Muulize: kisima hiki kitafungwa miezi gani, na nani anashika ufunguo? Waliogawiwa ploti wataacha njia ya ng'ombe upande gani, na imeandikwa wapi? Mfadhili akiondoka, nani analipa? Na mwezi wa nane nyasi zikiisha, ng'ombe wa hapa wanaelekea wapi?

24/ Akijibu hilo la mwisho kwa jina la mahali na jina la aliyekubali wapite, huyo mmesikilizana. Akijibu kwa picha ya mtambo, mnajua mnachopewa.

Mwisho wa uzi. Wa Bisil, Longido, Oloitokitok: kwenu njia ya ng'ombe bado iko wazi? Andikeni hapo chini.