Wanawake Kuzunguka Kiunzi Kimoja

Somo: Matendo ya Mitume 9:36–42

Leo tuketi kidogo katika chumba cha juu kule Yafa. Dorkasi amefariki. Petro anapoingia, wajane hawamtolei hotuba juu ya marehemu. Wanalia, na wanamwonyesha nguo: zile kanzu na mavazi aliyoyashona alipokuwa pamoja nao. Luka hakutuandikia neno hata moja lililotoka kinywani mwa mama huyu. Ametuachia kazi ya sindano yake.

Ushonaji wa pamoja una historia ndefu katika makanisa ya Kiprotestanti. Tuanze na lile blanketi la viraka ambalo kamusi zetu huliita mfarishi. Mfarishi una tabaka tatu. Juu ni vipande vya nguo vilivyounganishwa, mara nyingi nguo kuukuu. Katikati ni pamba au sufu. Chini ni kitambaa kizima. Tabaka hizo zisiposhonwa pamoja, pamba hukimbilia pembeni na kufanya mabonge. Kwa hiyo hutandazwa juu ya kiunzi cha mbao nne, zikavutwa mpaka zikakazika kama ngozi ya ngoma. Wanawake huketi pande zote, mkono mmoja juu ya kitambaa, mwingine chini yake kuipokea sindano.

Basi mkono wa mwanadamu haufiki mbali. Wakiisha kushona mahali panapofikika, kitambaa huviringishwa kwenye ubao kama gombo, na sehemu nyingine hufunuliwa. Lakini hakiviringishwi mpaka wa upande huu na wa upande ule wote wamemaliza. Mwenye vidole vyepesi humngoja mwenye vidole vizito. Na katika kungojana huko ndipo habari za wagonjwa, za ndoa na za bei ya unga husemwa. (Sisi wachungaji tungejua mengi ya ushirika kama tungeketi hapo badala ya kungoja ripoti ya kamati.)

Katika karne ya 19 wanawake wa makanisa ya Kimethodisti kaskazini mwa Uingereza walishona hivyo ili kupata fedha za kanisa. Mtu alitoa senti kidogo, jina lake likatariziwa juu ya mfarishi. Mpaka leo wanawake Walutheri na Wamennonite wa Marekani hushona mifarishi ya kupelekewa wakimbizi.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba kazi hii ilikuwa ya watu waliostarehe tu. Harriet Powers alizaliwa katika utumwa huko Georgia, Marekani, mwaka 1837. Alipokwisha kupata uhuru alishona mfarishi wenye picha 11 za Biblia, akianza na Adamu na Hawa bustanini. Ulionyeshwa katika maonyesho ya pamba ya mwaka 1886. Mwalimu mmoja wa sanaa, Jennie Smith, alitaka kuununua. Harriet akakataa kuuza. Baada ya miaka michache umaskini ukambana, akautoa kwa dola 5. Smith aliandika kwamba mama huyo alirudi mara kadhaa kuutazama. Sasa umehifadhiwa katika jumba la makumbusho la taifa huko Washington. Nchi ambayo pamba yake ililimwa kwa jasho la watumwa inatunza leo mahubiri yaliyoshonwa kwa pamba na binti wa watumwa hao.

Turudi nyumbani. Rongai ilikuwa nchi ya malisho ya Wamaasai mpaka walipohamishwa kwa mkataba wa mwaka 1904. Yakafuata mashamba ya walowezi, ya mahindi, ngano na mkonge, na katika miaka ya 1920 reli ya kwenda Eldoret ikapita hapa. Mwaka 1917 wanawake wa Kizungu nchini walianzisha chama chao, East Africa Women's League. Kazi yao moja mashuhuri ni picha za kutarizi: wanawake wa eneo moja moja la walowezi walishirikiana kutarizi picha ya eneo lao. Mwaka 1962, mwaka mmoja tu kabla ya Uhuru, chama kilitoa kitabu kiitwacho They Made It Their Home, ndiyo kusema, walipafanya kuwa kwao.

Ni kazi ya subira kubwa, nasi hatuidharau. Wengi wao walikaa maili nyingi mbali na jirani, na sindano iliwakutanisha. Lakini jina la kitabu halituachi hivi hivi. Katika mashamba hayo hayo waliishi maskwota na jamaa zao. Kulikuwa na mama aliyepalilia mahindi na mama aliyebeba mtoto wa tajiri mgongoni. Hao nao hawakuwa na kwao pengine, wengine walizaliwa pale pale. Hawakuitwa kuketi penye kitambaa. Kiunzi kinaweza kukusanya watu na kinaweza vile vile kuwafungia wengine nje, na wote wawili wakaimba zaburi ile ile Jumapili.

Baada ya mwaka 1963 mashamba yaligawanywa, mengine yakanunuliwa na makampuni na vyama vya ushirika. Wakaja Wakikuyu, Wakalenjin, Waluhya, Wakisii, Waluo na wengine, kila mmoja akapafanya kwao. Viraka vilikuwa vizuri, ila havikushonwa mpaka chini. Tuliona katika Bonde la Ufa mwaka 1992, tukaona Njoro mwaka 1998, tukaona tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, wakati watu zaidi ya 1,100 walipouawa nchini, na uwanja wa maonyesho wa Nakuru ukajaa mahema ya waliofukuzwa makwao. Kati ya waliokimbia na waliokimbizwa walikuwamo watu waliobatizwa kwa maji ya birika moja.

Jijini Nairobi, tangu mwaka 1996, iko kazi iitwayo Amani ya Juu. Wanawake wakimbizi kutoka Sudan, Rwanda, Burundi, Kongo na kwingineko hushona pamoja, mifarishi ikiwamo. Wengine wametoka pande zilizopigana. Hatudai kwamba sindano huondoa uchungu. Ila ni vigumu kumwogopa kwa miezi mingi mtu ambaye mkono wake uko chini ya kitambaa kile kile, akiipokea sindano yako.

Huku kwetu hatuna desturi ya mfarishi. Akina mama wa Rongai hufuma sweta, hushona vitambaa vya viti kwa kroshia, na huzungushiana pesa katika vyama vyao. Tunauliza tu: katika chama chako, mama, mnazungumza lugha ngapi mnapoomba? Kama ni moja, ni kwa sababu gani?

Ushirika utakaopenda kujaribu hauhitaji gharama kubwa. Tafuteni mbao nne zilizonyooka, muzifunge kwa kamba kwenye pembe, muziweke juu ya viti vinne. Kila nyumba ilete kipande kimoja: leso iliyochakaa, shuka, sare ya shule iliyombana mtoto. Na kila mama amlete jirani mmoja ambaye hawajanywa chai pamoja tangu mwaka 2008.