Mtu wa Tuba: Wanamuziki wa Puerto Rico Waliovuka Bahari



Kwetu kila mtu anajua fanfari. Sikukuu ya Juni 30, maziko ya mkubwa, misa ya Pasaka: fanfari iko. Watoto wanakimbilia tarumbeta na ngoma. Lakini nyuma kabisa kuna mmoja amekumbatia chombo kikubwa kama sufuria ya harusi, mdomo wake unatazama juu. Ile njo tuba. Ile kubwa inafika kilo 10 ao zaidi. Hakuna anayempiga picha, lakini akinyamaza, wote wanapotea.

Tuba ilizaliwa jeshini. Mwaka 1835, kule Berlin, Wilhelm Wieprecht, mkubwa wa muziki wa jeshi, na fundi Moritz walipata hati ya chombo kipya: besi ya shaba yenye pistoni, yenye sauti nene ya kubeba bendi nzima. Bendi za namna hiyo zilifuata majeshi ya Ulaya mpaka makoloni. Njo vile fanfari ilifika kwetu, na njo vile ilifika Puerto Rico, kisiwa cha Karibea kilichokuwa cha Hispania mpaka 1898, Marekani ilipokichukua.

Wahispania waliondoka, lakini bendi zilibaki. Miji ya kisiwa ilikuwa na bendi yake ya manispaa, na mtoto wa maskini aliweza kuingia. Alijifunza solfeji, na wengi walijua kupiga zaidi ya chombo kimoja. Hiyo elimu haikuonekana kama utajiri. Ilikuwa utajiri.

Mwaka 1917 Marekani iliwapa watu wa kisiwa uraia. Mwaka uleule, kule Harlem, New York, James Reese Europe alikuwa anatafuta wanamuziki kwa bendi ya kikosi cha askari weusi, kile kilichokuja kuitwa kikosi cha 369. Wapigaji wa mjini walipata pesa nyingi klabuni kuliko mshahara wa askari, wengi wakakataa. Europe akapanda meli mpaka Puerto Rico, akarudi na vijana zaidi ya kumi waliojua kusoma noti. Mmoja alikuwa Rafael Hernández wa Aguadilla, mpiga tromboni.

Angalieni uchungu wa jambo lenyewe. Wanaitwa raia, lakini wanawekwa katika kikosi cha weusi peke yao, na jeshi la Marekani halitaki kupigana bega kwa bega nao. Kikosi kikakabidhiwa Wafaransa, kikakaa siku 191 kwenye mstari wa mbele. Bendi nayo ikazunguka miji ya Ufaransa mwaka 1918, ikipigia askari na raia.

Hapo kuna kisa ambacho Europe mwenyewe alikisimulia. Mkubwa wa bendi ya Garde Républicaine, bendi yenye sifa kubwa Ufaransa, aliomba karatasi za wimbo mmoja. Akapewa. Bendi yake ikapiga noti zilezile, lakini muziki haukuwa ule. Wafaransa wakafikiri bendi ya Europe iko na vyombo vya pekee. Wengine hawakusadiki mpaka walipokuja kwenye mazoezi na kukagua vyombo kwa macho yao. Kumbe vilikuwa vyombo vya kawaida tu!

Vita ilipoisha, njia ilikuwa imefunguka. Mwaka 1920 Juan Tizol, aliyelelewa katika bendi ya San Juan, alifika Marekani kwa kujificha melini, na tromboni yake ya pistoni. Miaka tisa baadaye aliingia kwa Duke Ellington. Wimbo maarufu Caravan wa 1936 uko na mkono wake. Naye Rafael “Ralph” Escudero wa Manatí, mtu wa tuba, aliingia katika okestra ya Fletcher Henderson, New York. Mwaka 1924 Louis Armstrong alifika kwenye okestra hiyo. Dunia nzima inajua tarumbeta ile. Wangapi wanajua nani alikuwa chini yake, anashika besi?

Na kazi ya besi haikuwa mchezo. Kabla ya 1925 hakukuwa maikrofoni kwa kurekodi. Wanamuziki walipiga mbele ya pembe kubwa, na besi ya nyuzi ilisikika kwa shida. Tuba ilisikika. Lakini maikrofoni ilipokuja na dansi ikawa nyepesi, kufikia miaka ya 1930 okestra nyingi ziliacha tuba, zikachukua besi ya nyuzi. Mwenye kujua tuba peke yake alibaki mlangoni. Escudero alijua zote mbili. Alipiga Detroit na McKinney's Cotton Pickers, akafika mpaka California, na mwishowe akarudi kisiwani kwao.

Tunapenda kusema mtu anaenda Ulaya ao Marekani “kutafuta elimu”. Hawa walienda na elimu yao. Ngozi yao iliwafungia milango mingi, lakini kusoma noti kuliwafungulia ule mmoja waliouhitaji, na walikujifunzia nyumbani, kwenye bendi ya mji mdogo iliyolipwa na manispaa. New York ilivuna mahali ambapo haikupanda. Kisha historia ikaandika jina la mwenye tarumbeta.

Hata sisi tuko na fanfari za parokia na za shule ambazo mwalimu wake hana mshahara wa maana. Tunamwona kama mtu wa sherehe tu. Je, katika mji wako, nani anafundisha solfeji leo, na nani anamlipa? Andikeni hapo chini, tuongee.